Nahodha wa Yoti ya Mfalme

Sikuombi uniamini kwa sababu mimi ni mtu mkweli. Nakuomba uniamini kwa sababu watu zaidi ya thelathini waliuona mwisho wa jambo hili pale Majanji, mchana kweupe, na wengi wao wapo hadi leo ukitaka kwenda kuwauliza. Watu hudhani mambo ya namna hii huja usiku, mbwa wakibweka. Hili lilinijia saa nne asubuhi, jua likiwaka, nikiwa nimeshakunywa chai yangu ya maziwa. Nitalieleza polepole, maana najua si kila mtu anaifahamu kazi ya mpakani, wala vyombo vya majini. Vya majini hata mimi sikuvifahamu.

Nilikuwa wakala wa forodha Malaba, upande wa Uganda, kwa miaka kumi na minne. Lori likifika mpakani, dereva hawezi kupita tu. Lazima awepo mtu wa kujaza fomu, kumfuata afisa, kusimamia ukaguzi, mpaka mzigo uruhusiwe. Mtu huyo ndiye wakala, ingawa pale kila mtu anatuita maejenti. Na jambo la kwanza ejenti anajifunza Malaba ni kwamba nafasi tupu kwenye karatasi ni adui yake. Acha kisanduku kimoja wazi, mfumo utakataa, karatasi itarudi, na lori litalala kwenye foleni siku mbili zaidi. Kwa hiyo tulikuwa tunajaza. Hujui nani atapokea mzigo? Andika dereva. Hujui nani aliufunga? Andika dereva. Sisemi lilikuwa jambo zuri. Nasema wote tulifanya hivyo, na sikuwahi kusikia limemdhuru mtu.

Sasa, mzigo wenyewe. Siku hiyo Swaleh alileta yoti.

Kama hujawahi kuiona, yoti ni chombo cha majini cha anasa. Hakibebi samaki wala mizigo. Kinabeba matajiri na mapumziko yao. Hii ilikuwa ya familia ya kifalme ya nchi moja ya mbali, nchi ambayo siku hizi haina mfalme. Usifikirie meli kubwa. Ilikuwa na urefu wa malori mawili yaliyofuatana, mlingoti wake umelazwa, na yote imefungwa kwa plastiki nyeupe kama maiti ya mtu mkubwa. Injini ilikuwa imeng'olewa hukohuko ilikotoka. Kumbuka hilo, maana niliandika kwa mkono wangu: chombo hakina injini. Tajiri mmoja alikuwa ameinunua aifanye hoteli ya kuelea pale Majanji, ufukweni mwa ziwa, kusini mwa mji wa Busia.

Na Swaleh ni nani? Swaleh alikuwa dereva wa trela refu la kubebea mitambo, mwenyeji wa mtaa wa Sofia pale Busia, mtoto na mjukuu wa madereva. Tulifanya kazi pamoja miaka yangu yote kumi na minne. Nyumba yake niliijua, mkewe Bi Zaituni nilimwita dada. Alikuwa na woga mmoja tu, nao ni maji. Hakujua kuogelea. Alikuwa akivuka daraja la mto Malaba anasoma dua, na mto wenyewe wakati wa kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo.

"Ejenti," aliniambia asubuhi ile akishuka kwenye kichwa cha lori, "nimetoa hiki kitu Mombasa mpaka hapa, na kila nikifunga breki nasikia kinashusha pumzi."

"Ni plastiki," nikamwambia. "Upepo unaingia."

"Upepo unaingia hata nikiwa nimesimama?"

Nikacheka. Wewe ungefanyaje?

Afisa wa ukaguzi alikuwa Madam Athieno, mama wa Kijopadhola, kabila la pale Tororo, mkali kwa karatasi lakini mwepesi wa utani. Akakata lakiri, ile kufuli ya namba iliyofungwa bandarini. Nataka ulielewe hili vizuri: lakiri haikuwa imeguswa, niliisoma namba yake mwenyewe. Tukapasua plastiki, tukaweka ngazi, tukapanda wawili, yeye mbele na mimi nyuma.

Juu kulikuwa na mtu anatusubiri.

Alikuwa mzee kidogo, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, miguu mitupu. Akatuinamia kwa adabu, akatuomba tuvue viatu, kwa sababu sitaha ile haikuwahi kukanyagwa kwa viatu tangu ilipotengenezwa. Nikajisemea, huyu ni mtu wa Madam, amemtanguliza. Malaba hakuna mzigo usiokuwa na mtu wa ziada amesimama kando yake. Tukavua.

Akatutembeza. Niamini, sijawahi kuelezwa kitu vizuri namna ile. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha taratibu, kama cha mwalimu anayependa wanafunzi wake. Alisema mbao za sitaha ni msaji, na kwamba kila alfajiri mabaharia walizisugua kwa jiwe laini wakiwa wamepiga magoti. Alisema chombo kilijengwa na babu wa mfalme wa mwisho kwa ajili ya mke wake, ambaye alikuwa mgonjwa na hakuweza kulala nchi kavu. Kwa sababu ya mama huyo, hakuna amri iliyotolewa kwa sauti humo ndani. Nahodha aliamuru kwa mikono. Akatuonyesha: kiganja chini, punguza mwendo, ngumi kifuani, fungua kamba. Vizazi vitatu vya familia ile vilisafiri katika ukimya.

Tukaona meza ya chakula iliyozungushiwa ukingo wa shaba ili sahani zisianguke mawimbi yakija. Tukaona kabati la glasi, kila glasi na tundu lake. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha watoto kulikuwa na mistari midogo ya kisu, urefu wa wana wa mfalme mwaka hadi mwaka, babu, baba, mwana. Mistari ya mwana iliishia usawa wa kiuno changu.

"Hapa mbona hakukua?" Madam Athieno akauliza.

"Mwaka ule walishuka," mzee akasema.

Kisha akatupeleka chini, kwenye chumba cha mabaharia. Chumba kidogo, vitanda sita vya kamba, dari imegusa kichwa changu. Nikaona mlango una komeo upande wa nje. Nikamuuliza kwa nini mlango wa watu ufungwe kwa nje.

Alinieleza bila kubadilisha sauti. Siku wananchi walipoinuka dhidi ya mfalme, familia ilikimbilia kwenye yoti. Vyombo vya waasi vikaja nyuma yao. Nahodha akapata shauri: familia iingie kwenye mashua ndogo ya kuokolea, na yeye aiongoze, huku yoti ikiachwa imewashwa taa zote ili waasi waifuate hiyo. Lakini mabaharia wangekubali kuachwa? Hawangekubali. Basi akawaambia washuke chini wakale, kisha akasukuma komeo. Waasi walipoikuta yoti bila mfalme hawakuipanda wala hawakuizamisha. Waliiacha ielee. Ilielea siku nyingi.

"Masikini," Madam Athieno akasema. "Na wao walikuwa wangapi?"

"Sita," mzee akajibu. "Wa saba ni nahodha."

Tulirudi juu. Ilibaki karatasi. Mzee akaleta daftari la chombo, kubwa, jalada la ngozi, akalifungua kwenye ukurasa wa orodha ya watu wake. Madam alitaka kuupiga picha auambatanishe na fomu, kama ushahidi kuwa chombo ni kilekile kilichotajwa. Mistari saba. Sita ina majina kwa maandishi mazuri ya kizamani. Mstari wa juu kabisa, wa nahodha, ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu mpaka karatasi imekuwa nyembamba.

"Wewe ejenti," Madam akasema, "hii nafasi mbona iko tupu? Mimi siwezi peleka hivi. Watarudisha."

Swaleh alikuwa chini anavuta kamba za trela. Nikachungulia nikamwambia, "Swaleh, chombo hiki hakina nahodha."

"Andika mimi," akajibu. "Miaka ishirini na ushee nimeendesha kila kitu isipokuwa maji. Bi Zaituni naye aseme ameolewa na kapteni."

"Kapteni wa lami," Madam Athieno akasema, na sote watatu tukacheka.

Mzee hakucheka. Alikuwa ameshanichomolea kalamu, akaishika kwa mikono miwili kunipa. Nikaandika jina kamili la Swaleh, la baba yake na la babu yake, kama ninavyoandika kwenye fomu zote. Mzee akapuliza wino ukakauka. Akasema, "Sasa tumetimia." Tuliposhuka ngazi alibaki juu, akamtazama Swaleh pale chini, akaweka kiganja kwenye paji la uso. Swaleh, kwa mzaha, akamrudishia saluti.

Lori liliondoka saa nane mchana. Mizigo mipana hairuhusiwi kutembea gizani, kwa hiyo mpango ulikuwa apitie Tororo, akunje kona Namutere, alale Busia nyumbani kwake, na kesho yake ateremke Majanji. Saa moja jioni nikampigia kumuuliza kama amefika. Akasema amefika. Nikamuuliza hali ya barabara.

"Ametulia," akasema, akimaanisha yoti. "Tulipita Rubongi upepo wa ubavuni, akalala kidogo upande, lakini tezi yake ni nzito, hayumbi."

Sasa niambie, dereva wa lori anajuaje neno tezi? Mimi nililazimika kuuliza baadaye nikaambiwa ni nyuma ya chombo. Nikamwambia anipe dada nimsalimie. Akanijibu kuwa yeye hayuko nyumbani, yuko chomboni, ana watu wa kuangalia. Nikafikiri amechoka.

Asubuhi nilimkuta Madam Athieno kibandani anakunywa uji. Nikakaa naye. Tukaongea hili na lile, kisha akasema, "Lakini yule mzee wako anajua kazi. Ulimtoa wapi?"

"Mzee yupi?"

"Yule wa yoti. Wa shati nyeupe."

Nikamwambia, "Madam, yule alikuwa mtu wako."

Aliweka kikombe chini. Tulitazamana tu, na nadhani tuliiona ile lakiri wakati mmoja, namna alivyoikata kwa mkono wake, na namba yake niliyoisoma mimi.

Nikampigia Swaleh, simu haikupatikana. Nikampigia Bi Zaituni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Kaka, huyu ndugu yako amelala nje kwenye hicho kidude, na kitanda chake kiko hatua mia kutoka hapo. Nimempelekea chakula akanionyesha kiganja hivi, kama ananinyamazisha. Hakusema neno. Viatu vyake viko hapa mlangoni, ameondoka miguu mitupu. Miguu mitupu anakanyagaje klachi?"

"Ameondoka saa ngapi?"

"Baada ya alfajiri. Mfuate, kaka. Wewe anakusikia."

Sikungoja mtu. Nilikodi gari la jirani na nikaendesha kama mwehu, Tororo, Namutere, Busia, Masafu, Lumino. Njia nzima nilikuwa na wazo moja: lile daftari. Jina niliandika mimi, basi mimi ndiye wa kulifuta. Nilidhani ni jambo rahisi hivyo.

Nilifika Majanji kama saa tano. Tajiri alikuwa amejenga mteremko wa zege kuingia ziwani. Swaleh alikuwa amesharudisha trela nyuma hadi magurudumu yakazama, na yoti ilikuwa inaelea, nyeupe, imefungwa kwa kamba moja kwenye trela. Wavuvi na wachuuzi wa samaki walikuwa wamejaa kutazama. Na juu yake, kwenye usukani, alisimama Swaleh. Yule anayesoma dua akivuka mto wa mbuzi. Amesimama wima, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Nikaingia majini na suruali yangu. Maji yakafika kifuani. Nikamwita.

Alinitazama, na nakuapia alikuwa ni yeye, macho yalikuwa yake. "Ejenti," akasema taratibu, "hawa watu hawajala tangu siku ile."

"Shuka, Swaleh. Dada amenituma. Shuka twende nyumbani."

"Nahodha hashuki," akasema. "Aliyeshuka ndiye aliyewaua." Usidhani alikuwa na furaha. Alikuwa anaogopa maji kama siku zote. Mikono yake iliushika usukani kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima.

Hapo nikamwona mzee kwenye ngazi ya pembeni, daftari amelifungua mkononi. Aliniinamia kwa adabu ileile. Nikamwambia nataka kulifuta lile jina, niliandika kimakosa, ilikuwa mzaha wa kazi. Hakunibishia. Alinielewesha kwa upole, kama alivyonielewesha habari za sitaha na meza ya shaba. Jina linaweza kufutwa, alisema. Aliyeliandika ana ruhusa. Ila mstari hauwezi kubaki mtupu, kwa hiyo nitalifuta, na papo hapo nitaandika jingine, la mtu aliyepo na anayeridhia. Akanipa kalamu kwa mikono miwili.

Niliipokea. Hilo ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo ninapokusimulia. Niliishika kalamu. Nikamtazama Swaleh, naye akanitazama, na alielewa kila kitu, maana machozi yalimtoka. Hakuniomba. Angeniomba labda ningeweza. Nikafikiria watoto wangu watatu. Nikafikiria mke wangu anapepeta maharage uani. Nikatazama kwenye kidirisha cha ubavuni nikaona ule mlango wa komeo uko wazi, na gizani mle kuna watu wamekaa, wananingoja niamue, bila haraka yoyote.

Nikamrudishia kalamu.

Swaleh akaweka ngumi kifuani. Kamba ikafunguka kule kwenye trela, fundo kwa fundo, na hapakuwa na mtu karibu yake. Yoti isiyo na injini, mlingoti wake umelazwa, ikageuka yenyewe na kuelekea ziwani dhidi ya upepo. Haikutoa sauti. Wavuvi waliopiga kelele walinyamaza mmoja mmoja. Walioketi juu ya mwamba ufukweni walisema waliona watu sita wamesimama sitahani kwa mstari. Mimi nilimwona mmoja tu, Swaleh, na aligeuka nyuma mara moja.

Wakuu walikuja, mashua zikatumwa, wakazunguka siku nne. Waliandika kuwa chombo kilichukuliwa na mkondo na dereva akafa maji. Hawakupata hata ubao. Wavuvi wa Majanji hadi leo hawatupi nyavu mahali ilipopita. Wanasema hapo samaki hawapandi.

Kazi ya forodha niliiacha. Sasa ninalima mihogo na mahindi Mella, na mkono wangu hauandiki tena jina la mtu. Fomu za shule za watoto anajaza mama yao. Nikijaribu, herufi ya kwanza tu, vidole vinakufa ganzi na nasikia harufu ya mbao zilizolowa. Madam Athieno aliomba uhamisho, hatujawahi kulizungumza tena.

Bi Zaituni bado yuko Sofia. Shehe amemwambia asubiri, kwa kuwa hakuna maiti na hakuna aliyeshuhudia kifo. Basi hajakaa eda, wala hana mume wa kuishi naye. Viatu vya mumewe anavipaka rangi kila Ijumaa. Nikimtembelea huniuliza swali lilelile: "Kaka, watu wanasema uliingia majini mpaka kifuani. Hukumfikia?"

Wewe unayejaza karatasi za watu, ofisini, shuleni, mpakani, nisikilize. Jina la mtu si kitambaa cha kuzibia tundu. Ukikuta nafasi tupu na huijui sababu yake, iache tupu, acha karatasi irudi, acha lori lilale foleni wiki nzima. Usimwandike mtu mahali ambapo wewe mwenyewe hungekubali kuandikwa. Maana inaweza kufika siku ukapewa kalamu uirekebishe, na utajua siku hiyohiyo wewe ni mtu wa namna gani.

Na Bi Zaituni mimi humjibu vivyo hivyo kila mara. "Nilichelewa, dada," namwambia. Yeye hunishika mkono ananiambia nisijilaumu.

Sikuchelewa.